Nilisema "Yupo", Basi Likaondoka

Mwanamke aliyemzika binti yangu bila kuniambia aligeuka kwenye kiti cha basi, akafungua mkoba wake, akanipa peremende.

Nikaipokea.

Nikasema asante.

Nikajikunyata kwenye kiti. Yeye akadhani ni baridi, akanivutia pazia la dirisha upepo usinipige.

Ngoja niwaeleze vizuri, maana nikianzia katikati mtaniona mchawi.

Kitindamimba wangu alinikatia tiketi ya safari ya siku moja. Kwenda na kurudi, tunavuka mpaka, tunakwenda kuyaona maziwa matatu yaliyoko juu milimani upande wa pili. Akaniambia, "Mama, umekaa ndani mno. Nenda ukapumue hewa nyingine." Ana huruma yule mtoto. Alininunulia mpaka soksi nzito.

Asubuhi, stendi, dereva wa basi aliniwekea kreti ya soda chini ya mlango nikanyage ndipo nipande. Hakuna aliyemtuma. Aliona tu ninavyoitazama ile ngazi. Mambo kama hayo mimi siyaachi yapite.

Nikapanda. Nikashika kiti cha kwanza, nikapumua, ndipo nikasalimia watu.

Kiongozi wa safari alikuwa kijana mrefu mwenye filimbi shingoni, wote wanamwita Kamanda. Akanishika kiwiko. "Bibi, nakupeleka kwa mtu mzima mwenzako, mkapige soga. Hawa vijana watakuchosha na simu zao."

Safu ya tatu. Dirishani kuna mama amevaa koti la kijivu, mfupi kama mimi, kichwa chake hata hakivuki kiti.

Akageuka.

Nilimjua kabla hajamaliza kusema karibu.

Alikuwa mkwe mwenzangu. Mama mzazi wa yule aliyemuoa binti yangu.

Yeye hakuonyesha kunijua. Na angenijuaje? Tangu tulipoonana harusini nimekonda, nywele zimekuwa pamba tupu, na miwani yangu sasa ni vitako vya chupa. Nikajikausha. Nikakaa.

Binti yangu aliolewa mji wa mbali. Alipougua nilikuwa napiga simu kila siku, na huyu mama ndiye aliyekuwa anaipokea. "Ni homa tu, mwenzangu. Usijisumbue na safari. Akipata nafuu atakupigia mwenyewe."

Nikamwamini. Mtu mzima mwenzangu, kwa nini nisimwamini?

Siku moja akapiga yeye. Akasema, "Pole, mwenzangu. Tumeshamaliza kuzika."

Nilisafiri kutwa nzima. Nilipofika nikakuta wanakunja viti.

Mwanamke mmoja aliyekuwa anaosha masufuria alifuta mikono kwenye kanga yake, akanishika, akanipeleka kwenye udongo mbichi. Simjui jina, na mpaka leo namwombea. Lakini mwenye nyumba, huyu wa peremende, hakutoka chumbani. Niliambiwa kichwa kinamuuma.

Miaka imepita. Machozi yalikauka, hasira haikukauka. Niliilea. Kila nikisali, nilikuwa naomba kitu kimoja tu: siku moja na yeye afike mahali, akute watu wameshaondoka.

Sasa sikilizeni Mungu anavyojibu.

Basi lilipotoka mjini, Kamanda akasimama akatupa sheria za safari.

"Wazee wangu, mimi kuhesabu vichwa niliacha. Kuna siku nilihesabu, vichwa vikatimia, tukaondoka. Kumbe kichwa kimoja ni cha muuza karanga aliyepanda kuuza, na abiria wangu nimemwacha ziwani anapiga picha."

Watu wakacheka.

"Kwa hiyo leo kila mtu ana pacha. Pacha wako ni wa kiti cha pembeni. Kabla hatujaondoka popote, nitaita, na wewe unajibu kwa niaba ya pacha wako. Si kwa niaba yako. Pacha wako akiwepo, unasema yupo. Ukisema yupo, mimi naondoa gari. Tumeelewana?"

"Tumeelewana," basi zima likajibu.

Mkwe mwenzangu akanigusa goti. "Basi mimi na wewe mapacha leo."

"Mapacha," nikasema.

Mpakani hatukukawia. Kamanda alikusanya pasipoti zote kwenye begi moja, akazipeleka dirishani, tukapita mbele ya ofisa mmoja mmoja akitulinganisha na picha. Akatukumbusha kwamba geti linafungwa saa kumi na mbili jioni, na asiyerudi na kundi lake analala huko huko.

Niliyashika hayo maneno.

Ziwa la kwanza lilikuwa la kijani, limezungukwa na matete, na mlima umejilaza ndani yake kichwa chini. Bwana harusi mmoja na mkewe, maharusi wabichi kabisa, walinishika mikono huku na huku tukashuka mpaka majini. Bibi harusi viatu vyake viliingia tope na hakulalamika. Nikamwambia mumewe, "Huyu usimwache." Akacheka.

Ziwa la pili tulipanda boti. Tulikaa ubao mmoja, mimi na yeye. Akainama kuchezea maji kwa vidole, nusu ya mwili iko nje ya boti.

Nilitazama mgongo wake.

Sitawadanganya. Niliutazama sana.

Kisha nikajiambia hapana. Kufa ni jambo la mara moja. Mimi nilimtaka aishi, ajue inavyokuwa.

Na hapo ndipo wema wake ulipozidi kunichoma. Alinimiminia chai kutoka chupa yake kabla hajajimiminia. Akanifunga skafu yake shingoni. Mimi nikiona wema huwa nausema, na ule ulikuwa wema. Lakini kila alichonipa nilikihesabu kuwa ni haki ya mwanangu, iliyochelewa kufika.

Tukiwa njiani kwenda ziwa la juu nikamchokoza.

"Mwenzangu, una mke wa mwana?"

Akanyoosha mikunjo ya koti lake. "Nilikuwa naye. Binti mzuri sana. Alifariki."

"Pole. Mlimzika vizuri?"

Akageukia dirisha. Nje kulikuwa na mteremko na ukungu tu, hakuna cha kutazama.

"Tulimzika haraka," akasema.

"Haraka ya nini?"

"Mwenzangu, hilo tuliache. Tutazame milima."

Tuliache.

Yeye anaweza kuliacha. Analiweka pembeni kama koti, akitaka analivaa, hataki analitundika. Mimi nilivikwa bila kuulizwa.

Nikasema moyoni, haya. Leo nakuacha na wewe.

Ziwa la tatu liko juu kabisa, jeusi, halina hata bata. Kuna kibanda kimoja cha mbao ambako mama mmoja anakodisha boti, na nyuma ya kibanda kuna njia nyembamba inayozunguka miamba. Baridi ilikuwa inauma masikio.

Kamanda akatangaza: "Hapa ni kuona na kugeuza. Mvua inakuja, na geti halitusubiri."

Mkwe mwenzangu akanyanyua kola ya koti. "Naenda kule nyuma ya miamba mara moja nikaone maji. Wakiita, waambie nakuja."

"Nenda tu," nikamwambia. "Usiwe na haraka."

Akanitazama. Nilidhani anataka kusema kitu. Akaenda.

Mvua ikashuka kama imemwagwa. Watu wakakimbilia basini wakichekana, vioo vyote vikapata ukungu kwa pumzi zetu. Mimi nimekaa safu ya tatu, upande wa njia. Kiti cha dirishani kitupu, pazia limevutwa. Ukiwa mbele, viti vya safu ya pili vinakukinga, na mtu mwenyewe ni mfupi, huoni kama yupo au hayupo.

Dereva akapiga honi. Akapiga tena, ndefu.

Kamanda akasimama mlangoni maji yakimchuruzika, akaanza kuita. Safu ya kwanza, pacha? Yupo. Yupo. Safu ya pili? Yupo. Yupo.

"Safu ya tatu, bibi zangu. Pacha?"

Nikakitazama kile kiti kitupu.

"Yupo," nikasema.

"Naye anasema?"

"Amesinzia. Msimwamshe."

"Wazee wetu wamechoka," Kamanda akasema. Akaenda safu ya nne.

Basi likaondoka.

Nataka niwaambie ukweli wa jinsi nilivyojisikia. Nilijisikia vizuri. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya viti, kifua changu kililegea. Nilimwona akilini akitoka nyuma ya miamba, ameloa, anatafuta basi, anaona alama za matairi tu. Anamuuliza mama wa boti, "Wako wapi?" Na mama wa boti anamwambia, wameshaondoka.

Nikafumba macho. Nikasema, mwanangu, pokea.

Mpakani ofisa akaanza kutupitisha, uso kwa picha. Tukapita mmoja mmoja, tukarudi kukaa basini. Ikabaki pasipoti moja mkononi mwake.

"Huyu yuko wapi?"

Kamanda akaingia basini mbio. Akafika safu ya tatu, akakuta kiti cha dirishani kitupu. Akanitazama, na midomo imekuwa myeupe.

"Bibi. Ulisema yupo."

Basi zima likanigeukia.

Nilikuwa tayari. Nilikuwa nimejiandaa watanitukana, watanishusha, waniite muuaji. Nilikuwa nayataka hayo maneno, maana ningeyajibu.

Lakini yule bibi harusi akainuka akanikumbatia mabega. "Jamani, msimtishe. Bibi wa watu amesahau."

"Kweli," mwingine akasema. "Bibi yangu mimi anasahau mpaka jina langu."

"Kosa ni letu vijana," bwana harusi akasema. "Tungemwangalia."

Dereva akanipa chupa ya maji. Akaniambia polepole, kama mtu anayesema na mgonjwa, "Usijali, mama. Tunarudi kumchukua. Tulia tu."

Wema mtupu, kila upande. Na mimi nimekaa katikati yao nikitamani kupiga kelele. Kisasi nilichokilea miaka yote wamekigeuza kuwa uzee.

Ofisa akasema, "Mnarudi, ila mjue. Likifungwa limefungwa."

Basi likageuza. Njia ile yote likaipanda tena mlimani, dereva ameuma meno, kila mtu anaitazama saa yake. Mimi nilikuwa nawaza kitu kimoja: nitamkuta amekaaje. Nilitaka nimkute analia.

Hakuwa akilia.

Alikuwa amekaa kwenye benchi la mama wa boti, blanketi mabegani, mikono juu ya magoti, kama mtu anayesubiri zamu yake hospitalini. Mvua ilikuwa imekatika. Alipoliona basi hakusimama hata.

Kamanda akaruka chini. "Mama, pole sana, nisamehe mimi. Pacha wako amesahau, unajua tena umri."

"Hakusahau," akasema. Akainuka taratibu. "Kosa ni langu. Nilimwambia wakiita aseme nipo, nikidhani nitawahi. Msimguse huyo mama."

Kamanda akapumua. Watu madirishani wakapumua. Mambo yameisha, hakuna mkosaji, twendeni nyumbani.

Hapo sikuweza.

Nikasimama kwenye mlango wa basi, nimeshika chuma.

"Muongo huyo," nikasema. "Hakuniambia niseme yupo. Na mimi sikusahau. Sijasahau kitu chochote mimi. Nilijua hayupo, na nikasema yupo, kwa akili zangu timamu. Huyu mwanamke alimzika mwanangu nikiwa hai, nina miguu, nina simu, na hakuniambia. Nikamwacha mlimani. Sasa anataka anichukulie na hiki?"

Vichwa vikazidi kutoka madirishani. Hata mama wa boti aliacha kukung'uta makasia.

Mkwe mwenzangu akasogea mpaka kwenye ile kreti ya soda. Akaniangalia kutoka chini.

"Nilikujua," akasema.

"Ulinijua lini?"

"Asubuhi. Ulipopanda. Ulishika kiti, ukapumua, ndipo ukasalimia. Mwanao alikuwa anaingia hivyo hivyo kila nyumba. Nilijua ni mama yake kabla sijaiona sura yako."

Nikakishika kile chuma kwa mikono miwili.

"Ukakaa kutwa nzima na mimi. Ukanipa chai."

"Nilikuwa natafuta pa kuanzia. Ulipoliuliza, nikakimbia tena." Akameza mate. "Na honi niliisikia, mwenzangu. Zote mbili. Nilikuwa karibu, nyuma ya mwamba. Nikakaa chini. Nikasema, kama ataniacha, aniache."

Kwa hiyo hata kile hakikuwa changu. Nilidhani nimemwacha, kumbe amejiachisha mwenyewe.

Hasira iliyonipanda pale ilikuwa mpya kabisa.

"Kwa hiyo umekaa kwenye benchi na blanketi," nikasema, "ukaona tumelingana?"

"Hatujalingana."

"Hatujalingana hata chembe."

"Najua."

Kamanda akakohoa. "Mama zangu, nawaheshimu sana. Lakini geti."

Tukapanda. Viti ni vile vile, hakuna aliyethubutu kutuhamisha. Basi likashuka mlima mbio, na mimi nikamgeukia.

"Sasa utaniambia. Tangu siku ya kwanza ya homa mpaka udongo wa mwisho. Usiruke kitu."

"Mwenzangu, hapa, mbele za watu?"

"Hapa hapa."

Akaanza. Akaniambia siku ya homa. Akaniambia dawa ya kwanza, na ya pili iliyomtapisha. Akaniambia kwamba mwanangu aliniuliza kila siku, "Mama anakuja?" na yeye kila siku akamjibu, "Kesho." Aliogopa nikija nitaona wamechelewa kumpeleka hospitali. Alipofariki akaogopa zaidi. Akaharakisha mazishi ili asiuone uso wangu jeneza likiwa wazi.

Alipofika hapo akalia, akataka kunyamaza.

"Endelea," nikamwambia.

"Siwezi."

"Mimi niliweza. Endelea."

Nyuma yetu nilisikia bibi harusi analia. Sikugeuka. Kila neno lilikuwa linamtoka kama jino, na niwe mkweli, nilitaka limtoke hivyo. Benchi la mlimani halikunipa kitu. Hiki ndicho kilikuwa kisasi changu, na kilikuwa kinaniumiza mimi sawasawa na yeye, na sikumpunguzia.

Tulivuka mpaka yule ofisa ameshika mnyororo wa geti mkononi. Alitungojea, Mungu amlipe. Mkwe mwenzangu alikuwa bado anasema.

"Siku za mwisho," akaniambia, "alitaka umsuke. Alisema wewe huvuti nywele. Nikamwambia nitamsuka mimi. Nikamsuka. Akashika kichwa, akasema, si hivi anavyosuka mama. Nikafumua, nikaanza upya. Akanivumilia."

"Ulimsuka vipi?"

"Mistari. Ya kwenda nyuma. Myembamba."

"Mingapi?"

Akafikiri. Akachora hewani kwa kidole, mmoja mmoja, juu ya kichwa ambacho mimi sikukiona. "Minane. Wa mwisho ulipinda kidogo, hapa juu ya sikio. Nilikuwa nimechoka."

Nikafumba macho.

Nikamwona. Baada ya miaka yote ile, nikamwona mwanangu alivyokuwa amelala, na mstari mmoja umepinda juu ya sikio.

Tulipofika stendi Kamanda alitushusha wa mwisho, akatushika mikono wote wawili. Mkwe mwenzangu akasimama mbele yangu kama mtoto aliyeitwa na mwalimu.

"Umenisamehe?"

"Hapana," nikasema. "Bado hujafika kwenye mazishi yenyewe. Jumapili uje kwangu, uniambie yaliyobaki."

Alikuja Jumapili hiyo, na nyingine, na nyingine. Huwa simpokei kwa furaha. Lakini kiti chake kipo.

Ninalowaachia wanangu ni hili. Kama nyumbani kwako kuna mgonjwa ambaye ni mtoto wa mtu, mpigie mama yake leo. Mwambie ukweli wote, hata ule unaokuaibisha. Usikae ukaamua wewe kwamba hataweza kuubeba. Ule uchungu ni wake. Ukimnyima, ataurithi hivyo hivyo, ila hautakuwa na sura, na ataulea gizani mpaka ufanane na wewe.